Mawe kwa Kila Mlango

Nimestaafu. Wazee wa reli wakistaafu hupewa saa ya mfukoni na hotuba ndefu. Mimi nilipewa hotuba peke yake, tena fupi: "Kariuki, kama hutaki kazi, rudi darasani ukae kimya." Hiyo ndiyo shukrani ya kamati ya shule yetu ya Ruiru kwa mtu aliyewapimia nyumba tangu akiwa Darasa la Nne. Nina miaka kumi na sita. Mgongo hauniumi na meno yangu yote yapo, lakini kazi nimeiacha, na kabla ninyi wa madarasa ya chini hamjaanza kuigombania, kaeni niwaambie ilivyo. Mshahara sitauzungumzia kwa sababu haukuwepo. Cheo nacho sikupanda. Nilichopanda ni paa la mtu, siku mbwa wake aliponisubiri chini mpaka jua likazama.

Kazi yenyewe ilizaliwa kwa sababu watu walijenga. Gitothua, mtaa wetu hapa Ruiru, ilikuwa mahindi, migomba na mbuzi wa Mama Wairimu. Kisha viwanda vya Thika vikaanza kuita watu, wakaja kutoka Bungoma, Kakamega na kule Kisumu, na Thika hapakuwa na mahali pa kuwalaza wote. Wenye ploti wa huku kwetu wakanusa. Mtu aliyekuwa na shamba la mahindi aliyang'oa akapanda vyumba. Kila chumba kikaingia baba, kila baba akamleta mama, na kila mama, Mungu ambariki, akaleta Darasa la Kwanza.

Shule haikuongezeka hata dirisha. Shule nyingine za jirani serikali ilikuwa imezifunga Hali ya Hatari ilipoanza, kwa hiyo watoto wote tulimwagwa kwenye ile moja iliyo karibu na reli. Dawati la wawili lilikaliwa na wanne, na wa tano alikaa dirishani akituzibia mwanga. Treni ikipita mwalimu ananyamaza, nasi tunatafuna miwa haraka haraka. Tena shule yenyewe iliishia Darasa la Nne. Mkaguzi wa shule, Mzungu mrefu aliyekuwa akija kutoka Thika, alitutazama kama mtu anayehesabu kuku asiotaka kuwanunua, akamwambia mwalimu mkuu kwamba darasa jingine la matope hataki kuliona. Bila chumba cha mawe, hakuna Darasa la Tano Ruiru. Kila mtu alielewa maana yake. Ukimaliza la Nne unapewa debe, unaenda kuchuma kahawa ya Mzungu mpaka uote ndevu.

Mimi na rafiki yangu Barasa tulikuwa la Nne. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwandani Thika, kwao Bungoma, na wote sita waliishi chumba kimoja Gitothua, kwenye nyumba za Mzee Karanja. Hesabu zangu mimi zilikuwa za kubahatisha. Za Barasa zilikuwa za kutisha. Mwalimu akiandika ubaoni, Barasa anamaliza kabla chaki haijainuka. Alilitaka Darasa la Tano kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Mimi nilitaka tu kutochuma kahawa. Nadhani hizo ni sababu mbili nzuri za kujenga chumba.

Wazo lilikuwa la mwalimu mkuu, Mwalimu Zakayo. Aliwaita wanakamati, akasema: "Anayejenga vyumba vya kupangisha anatuletea watoto. Basi alete na mawe ya kuwajengea." Mimi nilikuwa mle ndani nikiwagawia wazee chai. Hiyo ilikuwa adhabu yangu kwa kuigiza mwendo wa mkaguzi, na mkaguzi akiwa bado yuko mlangoni.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Karanja huyo huyo. Alikuwa na ploti moja, na juu yake vyumba vimepangana kama punje kwenye gunzi. Ploti hiyo aliipata katika miaka ambayo wengine walikuwa wakipoteza zao. Mimi sisemi zaidi, nina shule ya kumaliza.

"Tutoze kwa ploti," akasema Mzee Karanja. "Ploti moja, gari moja la mawe. Sawa kwa wote."

"Mwenye chumba kimoja na mwenye vyumba kumi na vitano walipe sawa?" akauliza Mwalimu.

"Jua linawaka sawa kwa wote, Mwalimu."

"Basi hilo jua libebe na mawe, Karanja," akasema Mama Wairimu, mwanamke pekee kwenye kamati.

Mzee mmoja akasema tuhesabu watoto wa wapangaji. Mwingine akamuuliza, na mpangaji mseja je? "Mseja ni mseja wakati wa kiangazi," akajibiwa, "ngoja mvua inyeshe." Wakasema tuhesabu mabati. Mama Wairimu akasema wataezeka nyasi. Chai ikapoa, nami miguu ikaniuma, nikasema kutoka pale kona: "Si mhesabu milango? Hata mseja anaingia kwa mlango, labda awe anamkimbia baba wa msichana."

Wakacheka. Halafu wakakubali, kwa sababu ilikuwa kweli. Ikapitishwa: mawe kumi ya kuchonga kwa kila mlango wa kupangisha, na anayelipa ni mwenye nyumba.

"Kariuki," Mwalimu Zakayo akaniambia walipotoka, "huo mdomo nimeshindwa kuuchosha hapa darasani. Upeleke ukachokee kwa wenye ploti." Akanipa kamba ya mkonge na kipande cha chaki, akanipa na Barasa wa kupiga hesabu. Tulikuwa tunazunguka kila Jumamosi. Tunahesabu milango, na mawe yakishafika shuleni tunarudi kuchora alama juu ya kizingiti, mtu asije akadaiwa mara mbili au akajidai amelipa. Mlango wa kwanza kuchorwa ulikuwa wa nyumbani kwetu. Baba yangu, mpagazi wa stesheni, ana chumba kimoja nyuma anachompangisha fundi wa baiskeli. Alilipa huku akinung'unika kwamba amezaa askari wa kodi.

Siku ya kwanza ya kazi tulianzia kwa Mama Wairimu, aliyekuwa akijenga vyumba vitatu pale penye mbuzi.

"Hodi, mama!"

"Hodi ya nani? Kama mnauza sabuni, tumeshaoga."

"Ni ya kamati, mama. Tumekuja kuhesabu milango."

"Kamati ndiyo mimi."

"Basi tumekuja kukuhesabu wewe."

"Atiriri! Huyu ni mtoto wa nani?"

"Wa Njoroge wa stesheni."

"Si ajabu. Na baba yako alikuwa hivyo hivyo, na ona alipofika: anabeba masanduku ya watu." Lakini mawe yake yalifika Jumanne kwa mkokoteni wa punda, na juu yake akaongeza maboga mawili, moja langu na moja la Barasa. Mkikutana na mwenye nyumba wa namna hiyo, msimtanie sana. Wako wachache.

Wengine walikuwa na akili nyingi. Kulikuwa na jamaa nyuma ya soko aliyesikia habari za milango, akajenga nyumba ndefu yenye mlango mmoja tu kule mwisho.

"Chumba kimoja," akatuambia. "Kirefu tu."

"Kirefu kama treni," nikasema. "Na haya magunia yaliyoning'inia kila hatua ni ya nini?"

"Mapambo."

Nyuma ya gunia la kwanza mtoto akaanza kulia. Nyuma ya gunia la tatu mwingine akamjibu.

"Mapambo yana njaa," akasema Barasa.

Tulimtoza kwa majiko. Hilo mlishike: milango ikipungua ghafla, nendeni nyuma ya nyumba mhesabu majiko. Mlango mtu ataufunga, ataupaka matope, ataweka kabati mbele yake. Lakini wanawake watatu hawatasongea ugali kwenye jiko moja hata Gavana mwenyewe akiamuru.

Hila nyingine ilikuwa ya mawe mabovu. Mtu analeta mawe kumi kamili, na manne kati yake yana nyufa. Ukiyaweka ukutani, mvua ya kwanza yanafunguka kama mkate. Huo ujuzi alitufundisha baba yake Barasa. Kabla ya kiwanda aliwahi kuchonga mawe kwao, na vidole vyake viwili havikuwa na kucha. Alitukalisha mbele ya rundo pale shuleni, akampa kila mmoja nyundo ndogo.

"Gonga," akasema. "Jiwe zima linaitika. Lenye ufa linanung'unika. Sikia hili."

"Hili linalia kama Mzee Karanja akiombwa sadaka," nikamwambia.

Alicheka, akatazama nyuma kwanza. Mpangaji huangalia nyuma kabla ya kucheka. Wakati huo sikuwa nimelitambua hilo.

Milango ya Gitothua peke yake haikutosha chumba, kwa hiyo Mwalimu Zakayo akasema twende kwa yule aliyewaleta watu hasa. Alivaa koti lake la harusi, tukapanda treni mpaka Thika, tukasubiri nje ya ofisi ya kiwanda mpaka nikajua majina ya askari wote wa geti. Meneja alimsikiliza Mwalimu vizuri sana. Alimpa hata kiti. Mwalimu akamwambia kwamba watoto wanaokaa dirishani kule Ruiru ni wa wafanyakazi wake, na kwamba kiwanda kikipanuka, shule nayo inabidi ipanuke.

"Wafanyakazi ni wangu mpaka saa kumi na moja," akasema meneja. "Kengele ikilia ni wa wenye nyumba."

Wenye nyumba nao walisema wapangaji ni wa kiwanda. Mkaguzi alisema watoto ni wa wazazi. Mimi nilianza kuwaza kwamba labda watoto hawa ni wa mbuzi wa Mama Wairimu. Meneja akatupa zawadi ya shule, kalenda ya ukutani yenye picha ya mlima wa theluji, ya mwaka uliokuwa unaisha. Mwalimu aliibeba mpaka Ruiru kama aliyebeba kuku mgonjwa.

Mwenye milango mingi kuliko wote alikuwa bado hajaleta hata jiwe moja. Kila tukienda, Mzee Karanja anasema yanakuja. Kisha Jumapili moja asubuhi, watu wakiwa wanaelekea kanisani, tukaona watu wengine wanatoka upande wa timbo, kule mawe yanakochimbwa, wamepanga mstari, kila mmoja ana jiwe begani juu ya gunia lililokunjwa. Walikuwa wapangaji wake. Baba yake Barasa alikuwa wa mbele.

"Amesema kila chumba kilipie mlango wake," Barasa akaniambia. "Asiyechonga mawe kumi atafute pengine pa kulala."

"Lakini mlango si wenu."

"Mwambie wewe."

Nilimwambia Mwalimu Zakayo, naye akamwambia Mzee Karanja kwenye kamati, mbele ya wote, kwamba ushuru ni wa anayejenga, si wa anayelala. Mzee Karanja hakukasirika. Alipuliza chai yake. "Mlitaka mawe," akasema. "Yamefika au hayajafika?" Yalikuwa yamefika. Tena yalikuwa mazuri kuliko yote, kwa sababu yalichongwa na watu waliotaka watoto wao wakae ndani yake. Kila Jumapili baba yake Barasa alikuwa timboni, na Jumatatu yuko kwenye treni ya Thika na vumbi bado liko masikioni. Hakulalamika. Alisema jiwe ni jiwe, kijana wake atasoma.

Chumba kikaisha. Sitakuwa mwongo, kilikuwa kizuri. Kilikuwa na madirisha ya vioo na sakafu ya saruji, na chokaa bado ilinukia. Mkaguzi alikuja, akagonga ukuta kwa fimbo yake, ukuta ukaitika, akasema Darasa la Tano liwepo. Akasema pia kwamba hataki kuona wanne kwenye dawati la wawili. Basi hesabu ikaja yenyewe: waliofaulu mtihani wa la Nne walikuwa wengi kuliko nafasi. Barasa alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa katikati, mahali penye kivuli.

Kamati ilikutana humo humo ndani. Mwalimu Zakayo akasema majina yafuate matokeo ya mtihani. Mzee Karanja akasema la, majina yafuate mawe. Waliolipa ushuru waingize watoto wao kwanza, na nafasi zikibaki wapewe wengine.

"Hawa wapangaji ni watu wa kupita," akasema. "Wana kwao, na kwao kuna shule."

Barasa alikuja Ruiru akiwa hajang'oa jino hata moja. Meno yake yote ya utotoni yako juu ya paa la Mzee Karanja mpaka leo, tuliyarusha pamoja.

Kisha Mzee akanigeukia. Nilikuwa pale kama mpimaji, nimeshika kamba kama mtu wa maana.

"Kariuki. Mawe ya ploti yangu yalifika?"

"Yalifika, mzee."

"Yote?"

"Yote."

"Waambie wazee yalikuwa ya milango ya nani."

"Yaliletwa na baba yake Barasa na wenzake, kila Jumapili, kwa mabega yao, mimi mwenyewe nili—"

"Sikukuuliza mabega ya nani. Nimeuliza milango ya nani."

Nje, gari la mizigo lilikuwa likipita relini, nikaomba liwe refu. Likaisha.

"Milango yako, mzee."

"Umesikia, Mwalimu."

Hapo nikafanya kitu pekee ninachokijua. Nikasema: "Basi wewe mwenyewe uingie Darasa la Tano, mzee, maana hakuna aliyelipa kukushinda. Tutakupa dawati la mbele kwa ajili ya macho, na ukichelewa hatutakuchapa sana."

Bwana, walicheka. Walicheka mpaka mmoja akavua kofia apanguze macho. Mzee Karanja ndiye aliyecheka zaidi ya wote, akapiga goti lake, akasema, "Ngai! Huyu mtoto atatuua." Mama Wairimu hakucheka. Mwalimu Zakayo alitazama chini. Nilifikiri nimeshinda. Nilifikiri mtu akicheka hivyo hawezi tena kuinua mkono. Walipomaliza kucheka wakainua mikono, wote isipokuwa wale wawili, tena na tabasamu bado liko usoni.

Nafasi ya Barasa alipewa mjukuu wa Mzee Karanja. Ni mtoto mpole. Ukimuuliza saba mara nane, anaangalia dari mpaka kengele ilie. Ni haki yake kuiangalia. Mimi niliingia kwa mawe ya kile chumba cha fundi wa baiskeli.

Barasa alikuwa akingoja kwenye tuta la reli.

"Wamesemaje?"

"Walicheka."

"Halafu?"

"Halafu wakainua mikono."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyerudia hesabu akapata jibu lile lile. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Baba yake alipoambiwa alisema neno moja tu, "Khane," ambalo kwao ni kama kusema kumbe, kisha akavua viatu akalala mchana kweupe, jambo ambalo Barasa hakuwahi kumwona akifanya.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha kazi siku ile. Kwa sababu mwaka haujaisha mkaguzi akarudi na wimbo ule ule: hakuna chumba kingine cha mawe, hakuna Darasa la Sita. Nami nilikuwa la Tano. Debe la kahawa lilikuwa bado liko pale pale linanisubiri. Nikaendelea kuhesabu milango, sasa peke yangu. Hesabu zangu zikawa za kubahatisha tena, na wenye ploti wakanipenda sana.

Jumamosi iliyopita nilitumwa kwa Mzee Karanja. Amejenga mstari mpya wa vyumba upande wa mtoni. Milango mipya, mbao bado mbichi. Nikasikia nyundo nyuma ya nyumba, nikaenda kuangalia kama mawe ya ushuru yameanza kufika, maana kazi ni kazi. Barasa alikuwa amechuchumaa kati ya mawe, kifua wazi, mweupe kwa vumbi kama aliyepakwa unga. Mabega yake yamekuwa ya mtu mzima. Baba yake sasa kifua kinamsumbua, kwa hiyo ni yeye anayelipa mlango wao, na siku nyingine anachonga mawe ya kuuza.

"Mpimaji!" akasema. "Kumbe bado uko kazini."

"Niko. Mzee ameongeza milango."

"Najua. Wapangaji wapya hawajui kuchonga, kwa hiyo nawachongea." Akapangusa jasho. "Nekesa ameanza shule, amekwambia? Darasa la Kwanza. Mwalimu anasema anamaliza hesabu kabla ya wengine."

Nekesa ni dada yake mdogo. Nikasema nimemwona, ana kelele kuliko mimi. Barasa akacheka, kisha akachukua jiwe, akaligeuza, akaligonga. Likaitika vizuri sana.

"Haya ya Darasa la Sita," akaniuliza, "mnataka ya kipimo gani?"

Nilitafuta mzaha. Mimi nilifanya mzaha kwenye mazishi ya cucu, nyanya yangu mwenyewe, nikachapwa na wajomba wawili. Nilisimama pale mbele ya Barasa, nikatafuta, sikupata kitu.

"Inchi tisa kwa tisa," nikamwambia.

"Sawa," akasema, akainama kuendelea, kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye mwanga wake.

Jumatatu asubuhi nilimwambia Mwalimu Zakayo atafute mtu mwingine. Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza tu kama mawe ya Mzee Karanja safari hii ni mazima. Nikamwambia ni mazima, Mwalimu, na yamenyooka. Shule hii haijawahi kuletewa mawe mazuri kama hayo.